Sergei Rachmaninov, mtunzi mwenye alikauka mara mbili

Wasikilizaji wetu wa jioni wanaombaka sana ule wimbo wa Céline Dion, All by Myself. Wengi wanaujua kwa moyo hata kama hawasikie Kingereza. Lakini sauti yake ya mwanzo, ile ya polepole yenye inaingia mpaka ndani ya mifupa, haikutungwa na Céline Dion. Haikutungwa hata na Eric Carmen, Mmarekani mwenye aliutoa huo wimbo wa kwanza katika mwaka 1975. Carmen aliichukua ku kazi ya Mrusi mmoja, Sergei Rachmaninov, mwenye alikufa mwaka 1943. Na hiyo kazi, konserto yake ya pili ya piano, ilitoka ku mikono ya mtu mwenye alikuwa amekaa karibu miaka tatu bila kuweza kutunga kitu cha maana.

Nimechagua kueleza maisha yake juu ya swali lenye linarudi kila mara tukikaribisha wanamuziki ku studio. Mtunzi akikauka kichwa, anafanya nini? Watu wengi wanajibu haraka: aombe, apumzike, ao aende kutafuta mambo mengine. Rachmaninov alikauka mara mbili, na kila mara kwa sababu yake. Ya kwanza ilikuwa haya, ya pili ilikuwa kupoteza nyumba. Kwa hesabu yangu mimi, alipona mara moja na nusu.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1873 katika jimbo la Novgorod, kaskazini-magharibi ya Urusi, ku familia ya wakubwa wenye mashamba. Baba yake alikuwa mtu wa kucheka na wa kutumia makuta bila kuhesabu. Mashamba yenye mama alileta ku ndoa yaliuzwa moja kisha lingine, mpaka familia ikahamia muji wa Saint-Pétersbourg katika nyumba yenye haikuwatosha. Dada yake mmoja, Sofia, akafa na ugonjwa wa difteri. Baba na mama wakaachana. Mwenye alimshika mtoto mkono ni tate yake, mama ya mama yake, mwanamke wa sala. Huyo alikuwa anampeleka kanisani, na kule njo alisikia kwaya za Waorthodoksi na kengele za kanisa kubwa la Novgorod. Msomaji ashike hizo kengele ndani ya kichwa, tutazikuta tena.

Ku shule ya muziki alikuwa mtoto wa kukimbia masomo. Binamu yake Alexander Siloti, mpiga piano mwenye jina, akashauri apelekwe Moscou kwa mwalimu mmoja mkali, Nikolai Zverev. Zverev alikuwa analaza wanafunzi kwake bila kulipisha, lakini saa kumi na mbili ya asubuhi lazima mtu awe tayari mbele ya piano, hata kama jana yake walirudi usiku kutoka ku tamasha. Nizamu hiyo ilimtengeneza. Mwaka 1892, na miaka 19, alimaliza shule ya Moscou na medali kubwa ya zahabu. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa opera ya kipande kimoja, Aleko, na Tchaikovsky mwenyewe, mtunzi mkubwa kuliko wote katika Urusi ya wakati ule, aliisifu. Mwaka ule ule akatunga kipande kifupi cha piano, preludi, chenye kilimfanya ajulikane duniani nzima. Baadaye watu walimwomba kile kipande ku kila konsere mpaka akakichoka kabisa. Wanamuziki wetu wanajua hiyo shida: wimbo mmoja unakulisha, kisha unakufunga.

Kwa hiyo mpaka hapa hakuna mtu angefikiri kama huyu kijana anaweza kukwama.

Mwaka 1895 alitunga sinfonia yake ya kwanza. Sinfonia ni kazi ndefu ya orkestra nzima, kawaida yenye vipande vine, na kwa mtunzi wa zamani zile ilikuwa sawa mtu kujenga nyumba ya etaji: unaonyesha muji mzima kama unaweza. Aliandika sehemu kubwa akiwa Ivanovka, shamba la jamaa zake wa familia ya Satin, katika jimbo la Tambov. Pale Ivanovka, katikati ya mashamba ya ngano, njo mahali kichwa chake kilikuwa kinafunguka. Aliamini ile sinfonia kabisa, alifikiri amefungua njia mpya.

Ilipigwa mara ya kwanza ku Saint-Pétersbourg mwezi wa tatu 1897, siku chache tu mbele atimize miaka 24. Shefu wa orkestra alikuwa Alexander Glazunov, mtunzi mwenye kuheshimiwa. Repetisyo zilikuwa chache, na programu ya ile jioni ilikuwa na kazi zingine mbili mpya, kwa hiyo hakuna hata moja yenye ilitayarishwa vizuri. Kuna wenye walisema baadaye kama Glazunov alikuwa amekunywa. Bibi wa Rachmaninov ni mmoja wao. Mimi sitaki kuhukumu mfu juu ya neno hilo, sababu hata bila pombe, orkestra yenye haikujifunza inaharibu kazi ya mtu yeyote. Rachmaninov hakuweza kukaa ndani ya sale. Alijificha ku ngazi na kuziba masikio. Muziki ulipoisha alikimbia inje na kutembea ku barabara.

Kisha magazeti. César Cui, mtunzi na muandishi mwenye ulimi mkali, alilinganisha ile sinfonia na mapigo ya Misri yenye tunasoma katika kitabu cha Kutoka, na kusema inaweza kufurahisha watu wa jehanamu. Kwa kijana wa miaka 23 mwenye hakupata kushindwa hata siku moja, hiyo ilikuwa nyundo ku kichwa. Akaifungia ile kazi ndani ya meza. Haikuchapwa, na haikupigwa tena siku zote za maisha yake.

Watu wanaelezaka habari hii kama vile alilala kitandani miaka tatu. Hapana. Alikuwa anatafuta chakula sawa kila mtu. Alifundisha watoto piano, kazi yenye alichukia. Tajiri mmoja wa Moscou, Savva Mamontov, akamkamata kuwa shefu wa orkestra ku opera yake, na pale alijifunza kazi ya kuongoza na akapata rafiki wa maisha yote, muimbaji Fyodor Chaliapin. Mwaka 1899 alifika London, akapiga na kuongoza, watu wakamtaka arudi na konserto mpya. Mikono ilikuwa inatembea, ilikuwa tu ile ya kutunga yenye ilikufa. Alikuwa anakaa mbele ya karatasi, anaandika kidogo, anachana. Kila sauti yenye ilimjia, alikuwa anaisikia na masikio ya Cui.

Jamaa wakafikiri mtu mkubwa anaweza kumtia nguvu. Mwanzoni mwa 1900 wakapanga amuone Leo Tolstoy, muandishi mwenye Warusi wengi waliheshimu karibu sawa nabii. Rachmaninov akaenda na Chaliapin, huyu anaimba, huyu anapiga piano. Mzee akasikiliza wimbo mmoja, akanyamaza, kisha akamwambia wazi kama hakupenda, na kuuliza muziki wa namna hiyo unamfaa nani. Inasemwa kama baadaye usiku ule aliomba samahani. Lakini kijana alitoka pale mbaya kuliko alivyoingia. Nawaza juu ya siku hiyo kila mara naona mzazi ao mwalimu anampeleka kijana mwenye kushuka moyo kwa mkubwa fulani apewe mashauri. Mkubwa haikose anajua mambo mengi. Si lazima ajue hilo.

Njo jamaa wakatafuta munganga. Nikolai Dahl alikuwa munganga wa Moscou mwenye alitibu watu kwa njia ya kuwalaza nusu usingizi na kusema nao. Kwa wakati ule ilikuwa njia mpya, na wengine waliiona kama uchawi wa wazungu. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa ine 1900, Rachmaninov alikwenda kwake kila siku. Munganga aliuliza familia ni kazi gani yenye mgonjwa anapaswa kutunga. Wakajibu: konserto ya piano, kazi yenye piano moja inajibizana na orkestra nzima. Basi kila siku mgonjwa anakaa ku kiti kikubwa, macho nusu yamefungwa, na Dahl anarudilia maneno mamoja: kama ataanza konserto yake, kama kazi itatembea bila taabu, kama itakuwa nzuri. Pamoja na hayo alifuatilia alale vizuri usiku na ale chakula sawasawa.

Hapa watu wanabishana mpaka leo. Wako wenye wanasema ni ule usingizi njo ulimponyesha, wengine wanasema ni maongezi tu. Mimi naangalia jambo lingine dogo. Dahl alikuwa mpenzi wa muziki, yeye mwenyewe alipiga alto, ndugu mkubwa wa fidla. Kwa miezi mine, kila siku, mtu mwenye alifunga kinywa juu ya haya alipata mtu wa kumsikiliza mwenye anajua kazi yake, mwenye hakumuuliza muziki wake unamfaa nani. Na aliimba wimbo uleule kila siku. Hukumu ya Cui ilikuwa imejirudia ndani ya kichwa cha mgonjwa miaka tatu. Munganga akaweka maneno mengine, nayo yakajirudia.

Wakati wa joto mwaka ule, Rachmaninov akasafiri Italia, na sauti zikaanza kuja. Sasa, wanamuziki, muangalie namna alivyofanya. Konserto iko na vipande vitatu. Hakuanza ku cha kwanza. Aliandika cha pili na cha tatu, vyenye vilikubali kutoka, na akavipiga mbele ya watu ku Moscou mwezi wa kumi na mbili 1900 wakati cha kwanza hakikuwepo. Konsere yenye kazi nusu! Watu wakapiga mikono. Siloti, ule binamu, akamsaidia na makuta ili atunge bila kuhangaika juu ya nyumba na chakula. Kipande cha kwanza kikafuata mwaka 1901, na tarehe 9 Novemba konserto yote ikapigwa, Siloti akiongoza, yeye mwenyewe ku piano. Siku chache mbele ya hapo woga ulimrudilia. Aliandikia rafiki mmoja kama ameona ghafla kipande cha kwanza hakifai kitu. Munganga hakutoa woga ndani yake. Safari hii aliendelea nao tu mpaka ku jukwaa.

Kazi ile inafunguliwa na piano peke yake, mapigo mazito ya vidole vyote, mamoja kwa moja, yanapanda kutoka chini sana. Mtu mwenye alikaa karibu na kanisa kubwa anatambua mara moja: ni kengele. Na ku ukurasa wa kwanza, mahali watunzi wanaandikaka jina la mfalme ao tajiri mwenye wanamtolea kazi, aliandika jina la munganga Dahl.

Miaka kumi na tano yenye ilifuata ilikuwa mavuno. Mwaka 1902 alioa binamu yake Natalia Satina, wakazaa wasichana wawili. Mwaka 1908 alirudi ku Saint-Pétersbourg na sinfonia ya pili, muji ule ule wenye ulimvunja, lakini safari hii fimbo ya shefu wa orkestra ilikuwa ku mkono wake mwenyewe. Ilipendwa. Mwaka 1909 akatunga konserto ya tatu na kuipeleka Marekani. Ndani ya mashua hakukuwa piano, akajifunza ku ubao wenye vidole vya piano bila sauti. Akatunga kazi kubwa ya kwaya na orkestra yenye jina Kengele, na mwaka 1915 sala za mkesha kwa kwaya ya kanisa. Karibu kila wakati wa joto alikuwa Ivanovka, shamba lenye sasa lilikuwa ku mikono yake, na alitia ndani yake sehemu kubwa ya makuta yake.

Mwaka 1917 mapinduzi yakaingia Urusi. Ivanovka ikavamiwa, kisha nyumba ikaharibiwa. Rachmaninov alikuwa ku orodha ya wakubwa, watu wenye hawakutakiwa tena. Mwezi wa kumi na mbili akapata mwaliko wa kupiga konsere ku Stockholm. Akachukua Natalia na wale wasichana wawili, na valizi chache zenye karatasi kidogo za muziki, wakapita Finlandi kwa treni. Mupaka waliuvuka usiku, ndani ya kigari cha kuteleza ku theluji. Alikuwa na miaka 44. Hakurudi tena.

Wenye walitoka Masisi, Rutshuru, Djugu ao Fizi usiku na mtoto ku mgongo hawana haja niwaeleze zaidi. Ni kweli, yeye alikuwa mtu wa jina na milango ilimfungukia. Tarehe 10 Novemba 1918 akafika New York, siku moja tu mbele vita ya kwanza ya dunia iishe. Wakampa nafasi za kuongoza orkestra kubwa, akakataa. Akachagua kuwa mpiga piano wa konsere, kazi yenye ilihitaji ajifunze upya vipande vingi vya watunzi wengine na umri ule. Alifanya makumi ya konsere kila mwaka, akawa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne, akatajirika. Alikuwa anatuma makuta na mizigo ya chakula kwa jamaa na wanamuziki wenye walibaki Urusi na njaa.

Lakini kutunga kukakatika tena. Kutoka 1917 mpaka 1926 hakumaliza kazi mpya hata moja kubwa. Hesabu ni hii: kazi zake zimepewa namba kutoka 1 mpaka 45. Namba 39 zilitoka Urusi, mbele atimize miaka 45. Ku ugenini, kwa miaka 25, zilitoka sita. Watu walipomuuliza sababu, alijibu mara ya kwanza kama ni konsere zinamumaliza nguvu, na mara nyingine, kwa sauti ya chini, kama tangu apoteze inchi yake hana tena hamu ya kutunga. Munganga wa safari hii hakukuwa. Haya inaweza kuponywa na mtu mwenye kusikiliza. Nyumba yenye ilichomwa, nani atakuambia kila asubuhi kama bado iko?

Konserto ya ine, ya 1926, ilipokelewa vibaya ku Philadelphia mwaka 1927. Hapa naona kama alikuwa mtu mwingine kuliko yule wa 1897: hakuifungia ndani ya meza. Aliikata, akaichapisha, akairudilia tena mpaka 1941.

Kisha akajenga. Pembeni ya ziwa Lucerne, Uswisi, alinunua kiwanja chenye mawe, akapanda miti na kujenga nyumba yenye aliita Senar, jina lenye limetoka ku Sergei na Natalia na herufi ya kwanza ya Rachmaninov. Pale, mwaka 1934, kazi yenye piano na orkestra ilitoka kwa wiki chini ya saba: Rapsodi juu ya wimbo wa Paganini, mpiga fidla wa Italia. Hakutafuta wimbo mpya. Alichukua wimbo mfupi wa mtu mwingine, akaugeuza namna 24. Namna ya 18, ile yenye watu wanapenda kuliko zote, ni ule wimbo wa Paganini umegeuzwa kichwa chini: mahali sauti inapanda, yeye anaishusha, mahali inashuka anaipandisha. Sinfonia ya tatu ikafuata. Halafu vita ikaja na Senar nayo ikabaki nyuma, nyumba ya pili ya kupoteza.

Kazi yake ya mwisho, Michezo ya Sinfonia, aliandika mwaka 1940 karibu na New York, mwaka wenye wengi waliamini hatatunga tena. Ku mwisho wa kipande cha kwanza, orkestra inatulia, na fidla zinaimba wimbo mmoja mtulivu, na kengele ndogo ndogo juu yake. Watu wenye walisikiliza ku Philadelphia mwezi wa kwanza 1941 hawakuweza kujua unatoka wapi. Ulitoka ku sinfonia ya kwanza, ile ya haya. Ule wimbo wenye mwaka 1897 ulikuwa mkali na wa hasira, sasa aliuandika kwa upole, kwa masikio yake mwenyewe.

Alikufa tarehe 28 Machi 1943 ku Beverly Hills, California, na kansa, siku chache mbele atimize miaka 70. Karatasi ya sinfonia ya kwanza yenye alifungia ndani ya meza ilipotea ndani ya mapinduzi. Lakini ku maktaba ya shule ya muziki ya Leningrad, jina lenye muji wa Saint-Pétersbourg ulikuwa nalo wakati ule, walikuta sehemu za wapigaji, zile zenye kila mwanamuziki aliweka mbele yake ule usiku wa 1897. Wakaziunganisha moja kwa moja mpaka sinfonia ikasimama tena. Tarehe 17 Oktoba 1945 ikapigwa ku Moscou, mara ya pili tangu itungwe, na orkestra yenye ilifanya repetisyo.